Kuwaombea Wamisionari Walio Ng'ambo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa mtu anayetamani kuombea kazi ya Injili katika mataifa mengine, lakini akipiga magoti anaishiwa maneno baada ya sentensi mbili. Majibu mengine ni marefu kwa sababu jambo lenyewe lina kina. Mengine hayahitaji zaidi ya mistari michache.

Kama Mungu anajua mahitaji ya wamisionari, maombi yetu ni ya nini?

Yesu alipoona makutano wamechoka na kutawanyika kama kondoo wasio na mchungaji, hakuwaambia wanafunzi wafunge safari papo hapo. Aliwaambia kwanza waombe: "Mavuno ni mengi, lakini watenda kazi ni wachache. Basi mwombeni Bwana wa mavuno, apeleke watenda kazi katika mavuno yake" (Mathayo 9:37-38). Bwana wa mavuno aliyajua mavuno yake kabla yao, na bado aliwataka waombe. Ukiendelea na sura ya 10 utakuta walioambiwa waombe ndio wanaotumwa. Anayeombea mataifa kwa moyo asishangae siku moja akisikia jina lake likiitwa.

Hata Paulo, pamoja na ufunuo wote aliopewa, hakuona haya kuomba aombewe. Aliwasihi Wakristo wa Rumi, mji ambao hakuwa amefika bado, wajitahidi pamoja naye katika maombi (Warumi 15:30). Kujitahidi huko ni kwa mtu anayeshindana mpaka jasho limtoke. Kwa Paulo, mwombaji aliyebaki nyumbani alikuwa mtenda kazi mwenzake.

Je, historia inaonyesha kwamba maombi yalitangulia umisheni?

Inaonyesha, na mfano unaonigusa zaidi ni wa Herrnhut, kijiji cha Wamoraviani huko Ujerumani. Mwaka 1727 wakimbizi wa imani waliokuwa wakizozana wao kwa wao walipatana, kisha wanaume 24 na wanawake 24 wakaagana kuomba kwa zamu, kila mmoja saa yake, usiku na mchana. Zamu hizo ziliendelea kwa zaidi ya miaka 100. Mwaka 1732 Leonhard Dober na David Nitschmann wakatoka hapo kwenda kisiwa cha St. Thomas katika Karibi, kuwapelekea Injili watu waliokuwa watumwa mashambani. Yaliyotangulia ni mapatano, yakafuata maombi, ndipo ikaja safari. Mara nyingi sisi huanza na safari.

Mwaka 1806 huko Massachusetts, wanafunzi watano wa chuo cha Williams walikutwa na mvua ya radi wakiwa kwenye maombi, wakajificha penye lundo la nyasi kavu na kuendelea kuombea Asia. Baada ya miaka minne likaanzishwa shirika la kwanza la Marekani la kutuma wamisionari ng'ambo.

Niombe nini hasa? Kila mara naishia kusema "Bwana, wabariki wamisionari wote."

Mungu husikia hata ombi hilo. Ila ombi la jumla namna hiyo humchosha mwombaji mwenyewe, na baada ya wiki tatu huacha.

Anza na yale ambayo Paulo mwenyewe aliyaomba. Kwa Wakolosai aliomba Mungu awafungulie mlango wa neno, naye aweze kulieleza waziwazi kama impasavyo (Wakolosai 4:3-4). Alikuwa kifungoni alipoandika hayo, na mlango aliouomba hapo si wa gereza. Kwa Waefeso aliomba ujasiri (Waefeso 6:19). Kwa Wathesalonike aliomba neno la Bwana liendelee, na yeye na wenzake waokolewe na watu waovu (2 Wathesalonike 3:1-2). Kwa Warumi aliomba huduma yake ikubaliwe na watakatifu wa Yerusalemu (Warumi 15:31), maana alijua kwamba hata ndugu katika Kristo wanaweza kuikataa zawadi iliyotoka kwa watu wa kabila lingine. Hayo manne yanatosha kukushughulisha mwezi mzima.

Kisha jiulize: Jumanne asubuhi mtu huyu anafanya nini? Huenda yuko kwenye foleni ya ofisi ya uhamiaji akifuatilia kibali cha kuishi. Huenda amekaa na mwalimu wa lugha akirudia sauti moja mara ya ishirini. Huenda jirani amefiwa na yeye hajui kama mila inamruhusu kuingia ndani au akae nje. Ukiliona hilo kwa macho ya moyo, maneno ya kuomba yatakuja yenyewe.

Usiogope kutaja idadi. Mwaka 1865, kwenye ufuo wa bahari huko Brighton, Uingereza, Hudson Taylor, mmisionari Mwingereza wa China, aliomba apewe wafanyakazi 24: wawili wawili kwa kila jimbo la bara la China lisilokuwa na mmisionari, na wengine wawili kwa Mongolia. Aliandika ombi hilo katika Biblia yake. Anayeomba kitu mahususi hulazimika kurudi kuangalia kama amejibiwa, na hapo ndipo shukrani huzaliwa.

Kwa nini barua nyingi za maombi zinataja lugha? Si mtu asome tu?

Swali hili huulizwa na watu ambao hawajawahi kuanza maisha upya katika lugha ya kigeni wakiwa watu wazima. Mtu aliyekuwa daktari au mwalimu, mwenye kuheshimiwa, anafika mahali ambapo mtoto wa miaka minne anamshinda kuongea. Anachekwa sokoni. Anataka kumfariji mfiwa, anaambulia kusema "pole" na kunyamaza. Hali hiyo inaweza kudumu miaka miwili au mitatu, na wengi huvunjika moyo katikati yake.

Adoniram Judson, mmisionari Mmarekani, alifika Burma (leo Myanmar) mwaka 1813 na kuanza kujifunza lugha isiyofanana na yoyote aliyoijua. Biblia nzima kwa Kiburma aliimaliza kuitafsiri mwaka 1834. Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani, alifika Mombasa mwaka 1844, na katika miezi michache akazika mke na binti yao mchanga. Mwaka huohuo alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, akisaidiwa na kadhi wa mji. Ninalipenda jambo hilo la kadhi. Linatukumbusha kwamba mmisionari hupokea kabla ya kutoa, na anayempa anaweza kuwa mtu wa dini nyingine kabisa.

Kwa hiyo ombea sikio lake, kumbukumbu yake, na unyenyekevu wa kukosea mbele za watu. Mwombee pia mwalimu wake wa lugha. Mara nyingi huyo ndiye mwenyeji wa kwanza anayekaa karibu na mmisionari kila siku, anayemwona akikasirika na akiomba msamaha.

Ombea watafsiri vilevile. Duniani kuna lugha zaidi ya 7,000, na zenye Biblia nzima zimepita 700 kidogo tu. Mtafsiri anaweza kukwama wiki nzima kwenye neno kama "neema", akitafuta namna watu wa hapo wanavyosema juu ya kitu kizuri ambacho hukukistahili na hukukilipia.

Kuombea "utamaduni" maana yake nini?

Soma Matendo 14. Huko Listra Paulo alimponya kiwete, na watu wakapaza sauti kwa Kilikaonia, lugha ambayo yeye na Barnaba inaonekana hawakuielewa. Walipokuja kushtuka, kuhani alikuwa ameshaleta ng'ombe na mashada ya maua awatolee dhabihu kama Zeu na Herme, miungu ya Wagiriki. Muujiza wa kweli ulieleweka visivyo kabisa kwa sababu watu huukalisha ujumbe juu ya yale wanayoyaamini tayari. Na alipolieleza jambo, Paulo hakuanza na manabii wa Israeli. Aliwaelekeza kwa Muumba wa mbingu na nchi, akataja mvua na nyakati za mavuno, vitu walivyovijua.

Basi omba hivi: "Bwana, mtumishi wako asieleweke vibaya. Na akieleweka vibaya, mpe kuligundua mapema." Omba ajue kipi katika desturi za watu wale ni zawadi ya Mungu ya kuheshimiwa, kipi ni cha kuachwa, na kipi ni tofauti tu na alichozoea kwao. Hicho cha tatu ndicho huwasumbua wamisionari zaidi. Namna ya kukaa, ya kula, ya kuvaa, ya kuchelewa au kuwahi, ya kumkatalia mtu bila kusema hapana: hakuna dhambi hapo, lakini mgeni huona kama ipo.

Taylor alipovaa mavazi ya Kichina na kusuka nywele kama wenyeji, waliomlaumu zaidi walikuwa wageni wenzake. Omba ujasiri wa namna hiyo pia, wa kudharauliwa na watu wako kwa ajili ya kuwa karibu na wengine.

Umisheni umewahi kuumiza watu na tamaduni zao. Tunaombaje tukijua hilo?

Tunaomba kwa toba, bila kuficha. Kulikuwa na wamisionari waliopinga utumwa na unyang'anyi, na kulikuwa na waliotembea bega kwa bega na watawala, wakayaita ya kwao "ustaarabu" na ya wenyeji "ushenzi".

Samuel Ajayi Crowther, Myoruba wa nchi ambayo leo ni Nigeria, ni mfano wa yote mawili. Aliokolewa kutoka kwenye meli ya watumwa mwaka 1822, akasoma, akaongoza kazi ya kutafsiri Biblia kwa Kiyoruba, na mwaka 1864 akawekwa wakfu kuwa askofu. Lakini katika miaka yake ya mwisho wamisionari vijana kutoka Ulaya walimsukuma kando na kuivuruga kazi aliyoijenga. Alifariki mwaka 1891. Nikiomba juu ya umisheni huwa namkumbuka, nami humwomba Mungu amwondolee mmisionari tamaa ya kuwa bwana.

Petro alihitaji kugeuzwa kabla Kornelio hajabatizwa. Katika Matendo 10 maono ya nguo kubwa yenye wanyama alipewa mhubiri, tena mara tatu, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa mgumu. Sehemu kubwa ya kumwombea mmisionari ni kuomba abadilike yeye.

Kuwaombea watu wa dini nyingine si kuwadharau?

Inategemea unavyowataja. Ukiwaita "waliopotea gizani" huku hujui hata chakula chao, furaha zao wala misiba yao, umewafanya kuwa mradi. Waombee kama ambavyo ungependa mtu akuombee mama yako. Ombea mvua yao, watoto wao wagonjwa, amani katika nchi yao, haki mahakamani. Paulo aliagiza maombi kwa ajili ya watu wote, hata wafalme (1 Timotheo 2:1-2), wakati ambapo karibu watawala wote hawakumjua Kristo. Kisha omba wamjue Yesu, bila kulazimishwa na mtu na bila kununuliwa kwa msaada wa chakula au dawa.

Kwa nini barua nyingine hazitaji nchi wala majina?

Kwa ajili ya usalama, na hasa usalama wa waumini wenyeji. Mmisionari akigundulika anaweza kufukuzwa nchini. Mwenyeji aliyemwamini Kristo anaweza kupoteza kazi, ndoa, watoto, pengine uhai.

Niliwahi kusambaza barua ya maombi kwenye kundi la simu la watu zaidi ya 100, nikidhani ninazidisha waombaji. Aliyeiandika alinipigia akaniomba kwa upole niifute. Ndani yake kulikuwa na jina la mtaa. Sikulala vizuri usiku ule. Tangu hapo, kabla ya kupeleka chochote kwa mtu mwingine ninauliza kwanza. Picha ya ubatizo siiweki mtandaoni hata kama inanifurahisha. Ibada inaporushwa moja kwa moja, tunaomba kwa kusema "ndugu yetu" na "nchi ile". Mungu hahitaji anwani.

Tumeomba miaka mingi na hatuoni matunda. Tuendelee?

Endeleeni. William Carey aliondoka Uingereza kwenda India mwaka 1793. Krishna Pal, Mhindi wa kwanza kubatizwa katika kazi yake, alibatizwa Desemba 1800. Judson naye alingoja miaka sita hadi 1819. Na hao ni waliofika kuona. Wapo waliozikwa ugenini bila kuona hata mmoja.

Lakini kuna jambo la kuombea katika miaka hiyo ya ukame ambalo halisemwi sana. Mmisionari anajua kwamba waliomtuma wanasubiri habari njema. Kila anapoandika barua anajaribiwa kuikuza habari: mtu mmoja aliyeuliza swali anakuwa "wengi wanaonyesha kiu". Au anaona aibu na kuacha kuandika kabisa. Omba awe na uhuru wa kusema "mwezi huu hakuna kilichotokea". Sisi tunaotuma tuna sehemu yetu hapo. Barua ya namna hiyo ikifika, tuijibu kwa upendo uleule ambao tungeijibu barua ya ubatizo wa watu 50.

Familia ya mmisionari niiombeeje?

Kwa majina, na kila mmoja kwa hali yake. Katika safari ya Carey, mkewe Dorothy alikuwa amekataa kwenda, akakubali dakika za mwisho. Huko India mtoto wao Peter alifariki, na akili za Dorothy zikavurugika, hazikupona hadi kifo chake mwaka 1807. Watu husimulia Biblia alizotafsiri mumewe. Mimi namfikiria pia mwanamke yule katika chumba cha pili.

Ombea ndoa zao, hasa pale mmoja anapoizoea nchi haraka na mwenzake anabaki nyuma. Ombea watoto wao, ambao huulizwa "kwenu ni wapi?" na hawana jibu fupi. Wanaongea lugha ya mtaani kuliko wazazi, kisha wanarudishwa "nyumbani" mahali ambapo hawajawahi kuishi. Waombee walio peke yao bila mwenzi, jioni za sikukuu. Waombee wazazi wazee walioachwa nyuma, na uwatembelee ukiweza.

Usisahau pia ugomvi kati ya wamisionari wenyewe. Paulo na Barnaba walitengana kwa sababu ya Marko (Matendo 15:39). Wengi huweza kuvumilia joto, ugonjwa na upinzani, wakashindwa kuvumilia mwenzao wa timu.

Na kanisa la wenyeji?

Ikiwa una dakika tano tu, wape wao tatu. Viza ya mmisionari ina tarehe ya mwisho, na wenyeji watakuwepo tarehe hiyo ikipita. Ombea wazee wa kanisa wanaosoma Neno bila msaada wa vitabu vingi, vijana wanaotengwa na ndugu zao, na wanawake wanaoamini kwa siri. Omba kanisa lao liwe na sura yao, nyimbo zao na namna yao ya kuabudu. Omba pia watume wao. Leo wamisionari wanatoka Korea Kusini, Brazil, Nigeria na India kwenda kila upande, na wengine wao ni wajukuu wa watu waliokuwa wakiombewa.

Simfahamu mmisionari yeyote. Nianzie wapi?

Muulize mchungaji wako, au shirika la umisheni ambalo kanisa lenu linaliamini, likuandikishe kupokea barua za maombi. Chagua mtu mmoja au familia moja. Ukiandikisha kumi utaomba kwa wiki mbili na kuacha.

Ni lazima kufunga na kukesha?

Si lazima, ila ni vema. Kanisa la Antiokia lilikuwa katika ibada na kufunga Roho Mtakatifu alipowataja Barnaba na Sauli, nao wakafunga tena na kuomba kabla ya kuwaaga (Matendo 13:2-3). Mwenye kutumia dawa au mwenye mimba asijilaumu.

Mimi ni mgonjwa na sitoki ndani. Maombi yangu yana faida?

Carey alikuwa na dada aliyepooza, aliyeishi miaka mingi akiwa amelala kitandani. Hakuwahi kuiona India. Alimwombea kaka yake siku zote hizo, naye kaka alimwandikia habari za kazi. Ndugu yangu, wenye nguvu wana shughuli nyingi mno. Wewe una saa ambazo wao hawana, na pengine usingizi unapokukimbia saa tisa usiku, upande wa pili wa dunia ni mchana na mtu anaingia kwenye nyumba ya jirani kwa mara ya kwanza.

Naweza kuomba bila kutoa pesa?

Asiye nacho aombe kwa amani. Aliye nacho na asitoe, asome Yakobo 2:15-16.

Mmisionari wetu amerudi. Tumwondoe kwenye orodha?

La hasha. Kurudi ni kugumu kuliko kwenda, kwa sababu hakuna aliyemwandaa. Anakuta marafiki wamesonga mbele, watoto hawaelewi utani wa darasani, na kanisani anapewa dakika kumi kueleza miaka minane. Wengine hulia bila kujua sababu. Mbakize kwenye orodha mwaka mzima, na umwalike akae nanyi jioni moja asimulie bila kuangalia saa.

Nimwambie kwamba ninamwombea?

Mwambie, na utaje ulichoomba: "Leo nimeombea mtihani wako wa lugha na homa ya mtoto." Ujumbe wa mistari miwili namna hiyo unaweza kusomwa mara nyingi siku ambayo umeme umekatika na mgeni aliyetarajiwa hakuja. Usidai jibu, wala usiulize wangapi wameokoka. Akijibu baada ya miezi mitatu, soma barua yake polepole, rekebisha orodha yako, uendelee pale ulipoishia.